Kufu

Sohari, mwezi wa sita, saa nne asubuhi,
na kipimajoto cha ukutani kimeshapanda arubaini na sita.
Harith bin Zahran ananisukumia karatasi mezani:
"Injinia Zuwena, nichagulie tangi.
Asidi ya fosfori, tani elfu nne,
meli inafika baada ya miezi mitano.
Usiniletee la ghali. Usiniletee la kuvuja."

Nikacheka kimoyomoyo.
Mama alisema hivyo hivyo, siku ile, kuhusu mume.

Kazi hii naijua kwa jina lake la nyumbani:
kutafuta kufu.
Nani akae na nani
miaka ishirini, gizani, kifua kwa kifua,
asimle, asiliwe.

Asidi yenyewe haina makeke.
Nyeusi, nzito kama asali ya tende,
ukiitia kwenye chupa hujikalia.
Ila haiji peke yake.
Imetoka mwambani na jamaa zake:
kloridi, floridi, vumbi la jasi
linalotuama chini na kugeuka jiwe.
Cheti hakiwataji mpaka ukurasa wa tatu.
Huolewi na mtu, waolewa na ukoo.

Nikakata vipande, ukubwa wa kidole gumba,
nikavipima uzito, nikavipa namba,
nikavitundika kwa uzi ndani ya mitungi yenye joto la hapa.
Siku tisini.

Chuma cheusi kilianza kutoa povu kabla sijavua glavu.
Povu lile ni haidrojeni; lafungie ndani ya tangi,
kisha ngoja cheche.

Chuma kisichoshika kutu, huyo ndiye mwana wa watu,
ana molibdeni damuni na hati ya kuzaliwa.
Kwa asidi safi, kwenye nchi ya baridi, wangezeeka pamoja.
Hapa alirudi na vishimo usoni
kama aliyepona ndui.

Plastiki asidi haikuigusa.
Lakini plastiki haliwi na asidi, huliwa na jua,
na jua la Batina halina adabu.

Nyuzi za kioo: floridi hula kioo. Nikaandika, nikapiga mstari.

Mimi walikuja kuniposa kutoka Buraimi,
na halua ya zafarani kwenye sinia la shaba.
Shangazi yao akauliza, kwa sauti ya upole kabisa:
"Na bibi yake mzaa mama, ni mtu wa wapi?"
Mama akajibu: Tumbatu.
Wakanywa kahawa. Wakatikisa vikombe.
Sinia tunalo mpaka leo.

Hakuna aliyenitundika siku tisini.

Nilimpelekea Harith jina la mpira.
"Mpira?" akasema. "Kama wa viatu?"
Mpira, bwana, utomvu wa mti uliochanjwa,
hauwezi hata kusimama wenyewe.
Na chuma cheusi kile kile, kilichotoa povu,
ndicho kitakachoubeba.
Kimoja kina mgongo, kingine kina ngozi.

Kuttappan na vijana wake walikaa ndani wiki sita,
wakikwaruza chuma mpaka kikawa cheupe,
wakibandika kipande juu ya kipande,
wakisukuma hewa nje kwa vigurudumu vya mkono,
kisha wakafunga milango na kufungulia mvuke.

Usiku wa kukagua niliingia na brashi ya umeme.
Palipo pazima, brashi hupita kimya.
Penye tundu, hata la ncha ya sindano,
hulia tik, na cheche ya buluu.
Nilizunguka mpaka alfajiri.
Ilisema tik mara moja, karibu na shimo la kuingilia,
pale ambapo mimi mwenyewe nilipita na buti.
Nikapachora duara kwa chaki.

Vipande nimeviweka kwenye droo, kila kimoja na namba yake.
Namba saba kilikuwa bati la zinki,
kilichong'aa kuliko vyote siku ya kwanza.
Namba saba ni uzi,
na fundo halijafunguka.